Tufani Ilipogeuka

Wengi wenu mmetuomba tuyachape mazungumzo haya ili myasome polepole katika ushirika wa nyumbani. Haya basi, tumeyaacha karibu kama yalivyosomwa.

Juma hili twajibu barua. Imetoka kwa mama mmoja, mshiriki wa kanisa na msikilizaji wetu wa siku nyingi. Mwanawe wa pili yuko Marekani, katika mji wa Tampa, jimbo la Florida, anakofanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mama anatueleza kwamba mwezi wa Oktoba mwaka wa 2024 kijana alimpigia simu akasema, "Mama, tuombeeni. Kuna tufani inakuja, na inakuja moja kwa moja hapa kwetu." Mama hakungoja. Aliwaita akina mama wa ushirika, wakakusanyika sebuleni kwake, wakaomba usiku kucha. Waliomba neno moja tu, kwamba tufani igeuke.

Ikageuka. Tufani hiyo iliitwa Milton. Katika Ghuba ya Mexico upepo wake ulikuwa umefikia kasi ya kilomita 290 kwa saa, na dunia nzima ilikuwa ikiutazama mji wa Tampa. Lakini tarehe 9 Oktoba, saa mbili na nusu za usiku kwa saa za huko, ambapo huku kwetu ilikuwa saa tisa na nusu karibu na alfajiri, kitovu chake kilifika nchi kavu katika kisiwa kidogo cha mchanga kiitwacho Siesta Key, karibu na mji wa Sarasota. Hapo ni kusini ya Tampa yapata kilomita 75. Kijana alipiga simu asubuhi: mvua ilikuwa nyingi mno, umeme umekatika, lakini mzima. Jumapili mama alisimama kanisani akatoa ushuhuda, na watu wakapiga makofi.

Juma la tatu kijana akapiga simu tena. Akaeleza kwamba kuna mama wa makamo anayefanya kazi pamoja naye, aliyempokea alipofika nchi ile akiwa mgeni, akamwonyesha hata mahali pa kununua unga. Mama huyo alikuwa ana nyumba ndogo upande wa kusini, karibu na bahari. Paa limekwenda, na bahari iliingia mpaka kwenye kitanda.

"Tangu siku hiyo," anatuandikia mama, "siombi vizuri. Nikifumba macho namwona yule mama. Je, sisi ndio tuliomsukumia?" Kisha chini ya barua, baada ya salamu, ameongeza swali jingine: wataalamu wakitangaza kwamba mwaka fulani utakuwa wa tufani nyingi, je, amwambie mwanawe arudi nyumbani?

Barua hii ilikaa mezani petu karibu mwezi mzima. Tungeweza kuijibu upesi kwa maneno mazuri, lakini tuliona kwamba mama huyu hakuomba maneno mazuri. Basi tulitaka kwanza kujua tufani hizi huendaje, na ni nani ajuaye zitapiga wapi.

Upande ule wa Atlantiki huziita harikeni, na huku kwetu katika Bahari ya Hindi huitwa saikloni, lakini kitu ni kimoja. Majira yake huko ni kuanzia tarehe 1 Juni mpaka tarehe 30 Novemba, na kilele ni karibu na tarehe 10 Septemba. Nyingi zilizo kubwa zina mwanzo wake hapa Afrika, na si mbali sana nasi. Kila mwaka mawimbi ya hewa yapatayo 60 hutoka pande za nyanda za juu za Ethiopia na Sudan, yakaenda magharibi juu ya Chad, Niger na Mali, yakiwapa wakulima wa huko mvua yao, kisha yakatoka baharini upande wa Senegali. Mengi hufa njiani. Machache hukuta bahari yenye joto la digrii 26 na nusu au zaidi, na upepo wa juu ulio mtulivu, nayo huanza kuzunguka. Hayo ndiyo yawezayo kuwa tufani. Milton haikutoka huku, ilianza karibu na Mexico. Lakini ni vizuri tujue kwamba wingu linaloogopwa Florida mwezi wa Septemba huenda lilimnyeshea mkulima Mwafrika mwezi wa Agosti, naye akamshukuru Mungu.

Liko jambo jingine ambalo mkulima wa Kenya atalielewa upesi kuliko mwanafunzi wa chuo. Twaijua El Niño. Mwishoni mwa mwaka wa 1997 ilituletea mafuriko yaliyobeba madaraja na mifugo. Mwaka uleule Bahari ya Atlantiki ilikuwa tulivu, tufani kamili zilikuwa tatu tu, kwa sababu El Niño hupeleka upepo mkali wa juu unaozikata tufani vichwa kabla hazijakomaa. Ndugu yake La Niña hufanya kinyume. Mwaka wa 2020 alipokuja, Atlantiki ilipata dhoruba 30 zilizostahili majina, hata orodha ya majina ikaisha wakaanza kutumia herufi za Kiyunani, na 14 kati yake zilikuwa tufani kamili. Huku kwetu, kuanzia mwisho wa mwaka huohuo mpaka mwanzo wa 2023, watu wa kaskazini na mashariki walingoja mvua majira matano mfululizo isije ya kutosha. Ng'ombe walikufa, na wengine wetu tulikwenda na magari ya kanisa kupeleka maji tukayaona kwa macho.

Haiwi hivyo kila mara, ila mara nyingi. Basi fikirini: sisi tukiomba mvua nzuri ya vuli, na Wakristo wa Florida wakiomba majira matulivu, mara nyingi tunaomba kitu kimoja bila kujuana. Mwaka mwingine sisi tukiomba El Niño isije tena, wao wanaiombea ije.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa kuwa mama ameuliza juu ya miaka ya tufani nyingi. Mwaka wa 1984 Profesa William Gray wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado alianza kutoa makadirio kabla ya majira kuanza: mwaka huu tutazamie dhoruba kadhaa. Alifariki mwaka wa 2016, na wanafunzi wake wanaendelea na kazi hiyo. Mwezi wa Aprili 2024 walisema mwaka huo utakuwa na shughuli nyingi. Waliweka uwezekano wa tufani kubwa, yaani yenye upepo wa kilomita 178 kwa saa au zaidi, kupiga mahali popote pwani ya Marekani kuwa asilimia 62. Katika mwaka wa kawaida ni asilimia 43.

Asilimia 62 maana yake nini? Tuseme tungepata miaka mia inayofanana na ule. Katika miaka 62, tufani kubwa moja au zaidi ingefika mahali fulani katika pwani ile. Katika miaka 38 isingefika popote. Nayo pwani yenyewe, toka Texas mpaka Maine, ina urefu wa karibu kilomita 6,000. Upepo mbaya kabisa wa tufani hupita katika njia isiyozidi makumi ya kilomita. Kwa hiyo uwezekano wa pwani nzima ni mkubwa, na uwezekano wa mlango mmoja wa nyumba ni mdogo, hata katika mwaka mbaya.

Tuchukue mfano wa kijijini. Wakati wa maembe, watoto wakitoka shule hupita chini ya mwembe wa jirani wakitupa mawe. Mawe ishirini yana nafasi kubwa ya kuangusha embe kuliko mawe matatu, hata mtoto wa chekechea anajua. Lakini embe lipi? Iko siku mawe yote ishirini hupita katikati ya majani. Tena iko siku mtoto mmoja hutupa jiwe moja, na jiwe hilo likaangusha embe lilelile ambalo mwenye mwembe alikuwa akilichungulia juma zima.

Mwaka wa 2010 ulikuwa wa mawe mengi. Dhoruba 19, tufani kamili 12, na wataalamu walikuwa wameonya. Hakuna hata moja iliyofika pwani ya Marekani ikiwa tufani kamili. Upepo ulizigeuza zikarudi kati ya bahari, nyingine zikaelekea Mexico, nyingine Kanada. Wako waliocheka wataalamu mwaka ule. Lakini mwaka wa 1992 ulikuwa wa mawe machache sana. Majira yalianza Juni, na mpaka katikati ya Agosti hapakuwa na dhoruba hata moja iliyopewa jina. Ya kwanza iliitwa Andrew. Tarehe 24 Agosti iliingia kusini ya Miami ikiwa ya daraja la tano, lililo la juu kabisa, ikabomoa nyumba zaidi ya 25,000 katika wilaya moja. Mtu wa mji wa Homestead ungemwambia nini? Kwamba ulikuwa mwaka mtulivu?

Na mwaka wa 2020 tuliousema, ambapo mawe yalikuwa mengi kuliko yote, mti mmoja ulipigwa tena na tena. Dhoruba tano zilipita katika jimbo la Louisiana. Mji wa Lake Charles ulipigwa na Laura tarehe 27 Agosti, na watu walipokuwa wangali wanafunika mapaa kwa turubai za buluu, ikaja Delta tarehe 9 Oktoba, karibu katika njia ileile. Tampa, upande wa pili wa ghuba, ilitazama.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lenyewe, mama. Mji wa mwanao umezoea kutazama. Tufani kubwa iliupiga uso kwa uso tarehe 25 Oktoba 1921, wakati Tampa ilikuwa na watu elfu 50 hivi. Sasa mji na vitongoji vyake vina watu zaidi ya milioni tatu, wala hapana hata mtu mzima mmoja mwenye kuikumbuka siku ile. Mwezi wa Agosti 2004 tufani Charley ilikuwa ikielekea Tampa, ikageuka kulia saa za mwisho, ikapiga kusini, karibu na mji wa Punta Gorda. Mwaka wa 2022, siku chache kabla ya Ian kufika, ramani nyingi zilionyesha Tampa. Ikageuka kulia tena. Tarehe 28 Septemba ikaingia katika kisiwa kilekile kilichopigwa na Charley, Cayo Costa, na bahari ikapanda juu ya Fort Myers Beach. Watu wapatao 150 walikufa. Kisha ikaja Milton, nayo ikapita kusini.

Mtu akiokoka mara tatu huanza kuona kwamba ana haki ya kuokoka. Wako watu wa Tampa wanaosema, nusu kwa mzaha, kwamba vilima vya makaburi ya wenyeji wa kale vinaulinda mji wao. Wengine husema ni maombi ya makanisa yao. Sisi hatuwacheki wa kwanza kuliko wa pili. Maana kama maombi ya Tampa ndiyo yaliyogeuza tufani, basi makanisa ya Punta Gorda, ya Fort Myers na ya Sarasota yalikuwa yakifanya nini? Nayo yako. Watu wake walipiga magoti usiku uleule.

Tazameni pia ni kitu kidogo jinsi gani kilichotenga miji hii. Katika nusu ya kaskazini ya dunia tufani huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Ikiingia pwani ile kutoka magharibi, aliye kusini ya kitovu hupigwa na upepo utokao baharini, unaosukuma maji juu ya nchi. Aliye kaskazini yake hupigwa na upepo utokao bara, unaoyafukuza maji. Usiku wa Milton maji ya Ghuba ya Tampa yalipungua, wakati kusini bahari ilikuwa ikiingia majumbani. Ni kilomita 75 tu, hazifiki hata umbali wa Nairobi kwenda Naivasha.

Sisi wa pwani hii tunayo habari ya namna hiyo katika historia yetu, ijapokuwa tufani ni chache huku. Mombasa iko digrii 4 tu kusini ya ikweta, na karibu hivyo na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuuzungusha upepo. Ukishuka kusini hatari huongezeka. Lindi ilipigwa mwezi wa Aprili 1952, na mwezi wa Mei 2024 Hidaya ilifika karibu na Mafia. Lakini kubwa kuliko hizo ilikuwa ya Unguja, mwezi wa Aprili 1872. Iliivunja merikebu za Sultani Barghash bandarini na kuing'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote. Pemba, ng'ambo ya mkondo, haikuguswa sana. Baada ya hapo Pemba ndiyo iliyokuwa kisiwa cha karafuu, mpaka leo. Je, watu wa Pemba waliisukuma tufani ile iende Unguja? Hakuna aliyewahi kuwashitaki. Lakini kila wakiuza karafuu zao, sehemu ya bei ilikuwa imelipwa na jirani.

Bwana wetu aliletewa swali kama hili. Katika Injili ya Luka sura ya 13 twasoma juu ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu kumi na wanane. Watu walikuwa tayari kuhesabu dhambi za marehemu. Yesu alikataa hesabu hiyo. Hakusema walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu. Aligeuka akawatazama wale waliosimama wazima mbele yake, akazungumza nao juu ya maisha yao wenyewe. Twaona kwamba yule ambaye mnara haukumwangukia ndiye aliyepewa kazi ya kufanya asubuhi ile.

Kwa hiyo, mama, jibu letu la kwanza ni hili. Hukumsukumia mtu. Tufani hufuata upepo mkubwa wa juu, kama gogo lifuatavyo mto, na Milton ilibebwa na upepo wa kutoka magharibi ambao wapimaji wa hali ya hewa walikuwa wakiupima siku kadhaa kabla hujaamshwa na simu. Tangu mwanzo walisema kitovu kinaweza kuangukia Tampa au kusini yake. Ile alama pana wanayoichora kwenye ramani, kama faneli, maana yake ni kwamba kitovu kitabaki ndani yake karibu mara mbili katika kila tatu. Watu huutazama mstari wa katikati tu, aliye pembeni akajiona ameokoka. Fort Myers walikuwa pembeni. Mama aliyempokea mwanao alikuwa ndani ya faneli ileile, pamoja na mwanao.

Lakini hatutaki kukuondolea uzito wote, maana uzito huo una faida. Ulipokuwa ukiomba tufani igeuke, ulimwona mtu mmoja tu kwenye ramani. Mama gani asingeona hivyo? Hata sisi tungeanza na mwanetu. Tunachosema ni kwamba usiku ni mrefu. Baada ya kumtaja mwanao saa tatu, palikuwa na nafasi ya kuwataja wa kusini saa sita, na wa kaskazini saa tisa: wasikie onyo, mwenye gari ambebe asiye na gari, mzee mbishi akubali kuondoka. Maombi ya namna hiyo hayamhamishii mtu tufani.

Tumewaza pia kwamba shukrani ile ya Jumapili ilikuja mapema kidogo. Si kosa la mama, ni desturi yetu sote. Twasimama kutoa ushuhuda kabla hatujauliza habari za jirani. Mwaka uleule, majuma mawili kabla ya Milton, tufani Helene ilipita mbali baharini, zaidi ya kilomita 100 kutoka Tampa, ikaenda kuingia kaskazini ya Florida tarehe 26 Septemba. Tampa ingeweza kusema imepita. Lakini maji yake yalipanda katika ghuba karibu mita mbili, juu kuliko wakati wowote tangu 1921, na watu wakafa maji katika nyumba zao. Kisha ikaendelea bara mpaka milima ya North Carolina, mamia ya kilomita kutoka baharini, ambako watu hawakuwahi kuhesabu tufani kati ya hofu zao. Mito ilijaa ikabeba vijiji. Kwa jumla watu wapatao 250 walikufa. Mtu wa pwani aliyekuwa amekwisha kutoa ushuhuda angelazimika kuketi.

Sasa swali la pili, juu ya kurudi nyumbani. Twamkumbuka Mtume Paulo katika Matendo sura ya 27. Watu hupenda sehemu ya malaika na ya kuvunjika kwa merikebu, lakini tunawaomba msome mwanzo wa sura polepole. Majira ya kusafiri yalikuwa yamekwisha kupita. Kila baharia alijua hatari imeongezeka. Paulo aliwaonya. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu, kwa kuwa bandari ile haikuwafaa na ya mbele ilikuwa nzuri zaidi. Kisha upepo mwanana wa kusini ukavuma, nao wakaona mambo yamewanyokea. Upepo mwanana ule ndio uliowatoa bandarini. Wala Paulo, alipopuuzwa, hakuruka majini. Alisafiri nao, na katikati ya tufani ndiye aliyewahimiza wale chakula, na ndiye aliyewazuia mabaharia wasitoroke na mashua.

Hatungemwambia kijana aache kazi kwa sababu ya namba iliyotangazwa mwezi wa Aprili. Namba hiyo ni ya pwani nzima. Ingemfaa serikali, na makampuni ya bima, na wenye kuweka akiba ya vyakula. Haimwambii yeye kitu juu ya mlango wake. Tena akiondoka kila mwaka wa namba kubwa, akarudi kila mwaka wa namba ndogo, angekuwa ametoroka 2010 na kurudi 1992.

Tungemwuliza maswali mengine. Je, anajua nyumba yake iko katika eneo gani la kuhamishwa? Huko maeneo huandikwa kwa herufi, na wenye herufi A ndio huambiwa waondoke kwanza, kwa sababu ya maji, wala si kwa sababu ya upepo. Je, anaishi orofa ya chini? Ana rafiki mahali pa juu, barani, atakayempokea usiku mmoja? Na wazee anaowatunza wataenda wapi? Hilo la mwisho twalisisitiza. Mwaka wa 2017 tufani Irma ilipokata umeme, wazee 12 wa nyumba moja ya kutunzia wazee huko Florida walikufa kwa ajili ya joto, siku kadhaa baada ya upepo kutulia, wakati watu wengine walikuwa tayari wanatoa shukrani. Baada ya hapo jimbo lilitunga sheria kwamba nyumba za namna hiyo ziwe na jenereta na mafuta ya siku nne. Kijana na aulize: jenereta yetu iko wapi, na nani aliyeiwasha mara ya mwisho? Aulize mwezi wa Mei. Aulize mwaka uliotabiriwa tufani nyingi, na aulize mwaka uliotabiriwa chache. Msimamizi wake akikunja uso, aulize tena.

Tulimwandikia mama mambo haya kwa ufupi kabla ya kuyasoma redioni, kwa kuwa hatukupenda ayasikie kwanza pamoja na watu wengine. Tuliongeza ombi moja, kwamba amwulize mwanawe jina la yule mama wa kusini. Majibu yalikuja kwa ujumbe wa simu baada ya siku nne. Kijana alikuwa ameuliza habari za jenereta. Ilikuwapo, lakini betri yake imekufa, na imebadilishwa. Yule mama bado anaishi kwa dada yake. Paa limerudishwa, kuta zingali na alama ya maji mpaka usawa wa dirisha.

Jina lake lilikuwa mwisho wa ujumbe. Hatutalisoma hapa. Akina mama wa ushirika wanalo, wameliandika katika daftari lao la maombi, chini ya jina la kijana.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.